Kamera ya kulinda mikono kwenye msumeno wa karakana: mwongozo kamili kwa mafundi wa Malindi na yeyote mwenye mashine

Mwongozo huu ni wa yule mwenye karakana ya mbao, iwe Barani, Maweni, Muyeye au popote pale, ana msumeno wa meza wa stima, ana vijana wawili watatu wanaojifunza kazi, na amechoka kusikia fulani kapoteza kidole. Tutaweka kamera juu ya mashine, iwe inatazama saa zote, na mtu akiingia asipotakiwa stima ya mashine inakatika yenyewe. Vifaa ni vya kawaida tu: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kamera yake, taa, relei (swichi ndogo inayoamrishwa na kompyuta), kontakta (swichi kubwa inayopitisha stima ya mota), na programu za bure. Lakini nakwambia mapema kabla hujatoa shilingi mfukoni, kamera haizuii bleidi, kamera inaona tu. Kinachosimamisha bleidi ni breki. Kama mashine yako haina breki basi nusu ya yale unayotegemea kamera ikufanyie haitayafanya, na hapo ndo watu wanaliwa pesa, wanauziwa akili bandia ya kulinda mikono na hakuna hata mmoja aliyepima bleidi inachukua muda gani kusimama.

Hatua ya kwanza: pima bleidi inasimama baada ya muda gani

Hii haitaki kifaa chochote zaidi ya simu. Mashine ikiwa imechomolewa, piga doa la rangi nyeupe kwenye puli au kwenye nati ya bleidi. Chomeka, washa, acha ishike mwendo, weka simu kwenye rekodi, zima. Halafu kaa utazame video, tangu swichi ibonyezwe mpaka lile doa litulie kabisa, hesabu sekunde. Rudia mara kadhaa ukiwa na bleidi kubwa kuliko zote unazotumia, na chukua jibu baya kuliko yote, sio wastani.

Sasa hesabu. Kuna kanuni ya kimataifa inaitwa ISO 13855 ambayo viwanda vya magari na roboti vinaitumia, na si ngumu: umbali wa usalama ni mwendo wa binadamu mara muda wote wa kusimama, jumlisha ziada kidogo. Mkono wanauhesabia milimita 2000 kwa sekunde, mtu anayetembea 1600. Kwa eneo la sakafuni ziada inaweza kufika mm 1200, manake mtu anaweza kunyoosha mkono kabla mguu wake haujaonekana uko wapi.

Tia namba zako. Tuseme msumeno wako hauna breki na unazunguka sekunde 6 baada ya kuzimwa. 1600 mara 6 ni mm 9600, yaani karibu mita kumi kabla hata ya ile ziada. Karakana yenyewe haina mita kumi! Ukiweka breki ya stima, ile inayotia umeme wa moja kwa moja kwenye mota, au mota yenye breki yake, tuseme ikashuka hadi sekunde 1, na kamera pamoja na relei zikala sekunde 0.2, unapata 1600 mara 1.2 ambayo ni 1920, jumlisha 1200, jumla mm 3120. Mita tatu na kidogo, hiyo inawezekana.

Na mkono wa yule anayepasua mwenyewe je, ambao uko sentimita ishirini kutoka kwa meno? Hapo hesabu inakataa kabisa, hakuna kamera ya kununua itakayowahi. Kuna misumeno ya Marekani inaitwa SawStop inasimama chini ya milisekunde 5 ikigusa ngozi, lakini ile haitumii kamera, inapima umeme mdogo kwenye bleidi na ikihisi mwili inarusha kipande cha alumini ndani ya meno. Kwa hivo mkono wa fundi unalindwa na vitu vya zamani: kifuniko cha bleidi, kile kibati cha nyuma kinachozuia mbao isibane na kuruka, na kijiti cha kusukumia. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na kamera haichukui nafasi ya kifuniko, usije ukakitoa ati kwa vile sasa kuna kompyuta.

Kazi ya kamera basi ni tatu. Kukata stima mtu wa pili akisogea. Kukataa mashine isiwake kama kuna mtu upande wa bleidi. Na kupiga honi mkono wa fundi ukikaribia kupita kiasi, honi tu, onyo.

Hatua ya pili: chora sakafu

Chukua rangi ya njano na nyekundu. Njano ni mstatili anaposimama anayepasua, mtu mmoja peke yake. Nyekundu ni mzunguko wote wa ule umbali uliohesabu. Sheria ya programu ni rahisi: mtu mmoja ndani ya njano sawa, mtu yeyote kwenye nyekundu au wawili kwenye njano, kata. Upande ambao kamera haifiki weka wavu wa chuma au ukuta, usidanganye kompyuta kwa kupunguza mstari. Na ufikirie ni nani haswa anaingia karakana yako. Kwetu si mafundi peke yao, kuna mtoto anayeleta chai na mahamri, kuna mteja anataka kuona kitanda chake kimefika wapi, kuna anayeokota vipande vya kuni. Hao ndo kamera inawafaa zaidi manake hawajui mashine.

Hatua ya tatu: kamera ikae wapi

Juu, ikitazama chini moja kwa moja. Ukiiweka ukutani mgongo wa fundi unaziba mikono. Raspberry Pi Camera Module 3, iliyotoka 2023, iko ya aina mbili: ya kawaida inaona digrii 66 kwa upana, na pana inaona digrii 102. Ukiitundika mita 2.5 juu ya meza, ya kawaida inafunika kama mita 3.2, pana inafunika kama mita 6.2. Unaona pana ni nzuri, lakini subiri. Ukipunguza picha hadi pikseli 640 (vile vinukta vinavyounda picha) kwa upana ili kompyuta isichoke, ya kawaida inakupa milimita 5 kwa kila pikseli, pana karibu milimita 10. Kiganja cha mtu kina kama mm 90, yaani pikseli 18 kwenye ya kawaida na 9 kwenye pana. Pikseli 9 ni uchafu tu, hata wewe mwenyewe huwezi kujua kama ni mkono au kipande cha mbao. Kwa hivo mimi naweka mbili: pana ya kuona watu, ya kawaida ya kuona mikono.

Bleidi na mikono ya haraka inapinda kwenye kamera nyingi za bei nafuu manake zinasoma picha mstari kwa mstari toka juu mpaka chini. Iko kamera ya Raspberry Pi inayosoma picha nzima kwa mpigo mmoja, Global Shutter, pikseli zake chache, milioni 1.6 tu, lakini kwa kazi hii zinatosha na zinabaki. Kama mfuko unaruhusu chukua hiyo ya mikono.

Hatua ya nne: taa, na hapa usikimbie

Watu wanaruka hatua hii wanaenda kwenye programu, halafu wanalaumu programu.

Kwanza jua. Malindi tunatazama mashariki, asubuhi jua linatoka baharini linaingia mlangoni moja kwa moja linaweka mstari mweupe juu ya meza, saa nne limehama, alasiri karakana ni giza. Kamera ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe itakuwa inabadilika siku nzima, na kila ikibadilika programu inaona ulimwengu mpya. Zima kila kitu cha otomatiki: mwanga, rangi, na fokasi. Funga fokasi kwenye urefu wa meza, basi. Halafu tia pazia la turubai au chandarua cheusi upande wa jua, na mwanga wa kazi utoke kwenye taa zako wewe.

Pili stima yenyewe. Yetu ni ya 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei ndogo zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni ila kamera inaona, unapata mistari ya giza inatembea juu ya picha. Dawa moja ni kuacha shata (kile kidirisha cha kamera cha kuingizia mwanga) wazi milisekunde 10 kamili au mara zake. Lakini mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde unasogea mm 20 ndani ya hizo milisekunde 10, yaani vidole vinakuwa ukungu. Kwa shata ya milisekunde 2 ukungu ni mm 4, hapo vidole vinaonekana. Kwa hivo dawa ya kweli ni taa za LED za volti 12 zinazokula betri au adapta nzuri isiyo na mtetemo, nyingi na kali, ndipo ufunge shata fupi.

Na kuna sababu nyingine ya kutoa zile taa za kufifia juu ya msumeno, na hii haina uhusiano na kamera. Mota ya mizunguko karibu 3000 kwa dakika ni karibu mizunguko 50 kwa sekunde, na chini ya taa inayopepesa mara 100 bleidi inaweza kuonekana kama imesimama au inatambaa polepole huku inakata. Mtu ananyoosha mkono akijua imezimwa. Taa ya mtiririko sawa inaondoa hilo.

Chumvi nayo. Ukiwa karibu na bahari, plagi na visukuruu vinapata kutu kabla hujamaliza kulipa deni. Kompyuta ikae ndani ya boksi la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, visukuruu vya stenlesi, kile kijifuko cha kukausha unyevu ndani, na ubadilishe kijifuko, kisikae humo mpaka kizeeke. Ila boksi lililofungwa chini ya mabati mwezi wa pili ni tanuri. Raspberry Pi ikifika digrii 80 hivi inaanza kujipunguzia mwendo, na mwendo wake ni sehemu ya ule muda wa kusimama uliouhesabu. Tia kibati cha kupooza kinachogusa ukuta wa boksi, na boksi lisikae juani.

Hatua ya tano: waya

Hapa mwite fundi stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya ya nishati na mafuta, si jamaa wa mtaani, hata kama ni shemeji. Ila wewe ujue unachotaka ili umsimamie:

- Relei ya kamera iingie mfululizo na koili ya kontakta, kwa namna ambayo mashine inapata stima pale tu kamera inaposema kuko salama. Waya ukikatika, kompyuta ikifa, adapta ikiungua, kontakta inaachia na mashine inazima.
- Kitufe chekundu cha dharura kikate stima chenyewe kwa chuma na waya, kisipitie kompyuta hata kidogo.
- Stima ikipotea na kurudi mashine isiwake yenyewe, mpaka mtu abonyeze. Kwa vile stima yetu unaijua, hili si la hiari.
- Programu itume mpigo, yaani ishara fupi ya kusema iko hai, kwa kisakiti kidogo cha pembeni mara kumi kwa sekunde. Mpigo ukikosekana milisekunde 200, relei inaachia.

Hiyo ya mwisho watu hawaielewi mpaka waone: programu ikiganda, pini ya kompyuta inabaki pale pale ilipokuwa. Kama ilikuwa inasema "salama" itaendelea kusema "salama" huku picha imekwama kwenye dakika tano zilizopita. Mpigo hauwezi kudanganya hivo, lakini utume baada ya fremu mpya, yaani picha moja ya video, kusomwa na kuchambuliwa, usiuweke kwenye sehemu nyingine ya programu inayojiendea yenyewe, hapo umejidanganya.

Hatua ya sita: programu

Anza na OpenCV, maktaba ya bure iliyoanzia Intel mwaka 1999 na bado ndo msingi wa kazi nyingi za namna hii. Njia nyepesi ni kulinganisha picha ya sasa na ile ya karakana tupu, kilichobadilika ndo mtu. Kwa kamera pana ya sakafuni inafanya kazi vizuri kushinda watu wanavyodhani. Kwa meza haifai, mbao inatembea, vumbi linaruka, kila kitu kinabadilika.

Usitafute mikono kwa rangi ya ngozi. Mbambakofi uliopakwa mafuta na mkono wa mtu wa pwani kwa kamera ni ndugu wa damu. Na usiwavalishe mafundi glavu za rangi kali ili kusaidia kamera, glavu kwenye msumeno unaozunguka inashikwa na meno na inavuta mkono wote ndani.

Tumia modeli iliyofundishwa, yaani programu iliyojifunza kutambua mikono kwa kuonyeshwa picha nyingi. MediaPipe ya Google inatafuta nukta 21 za kiganja, ijaribu kwanza, ila kwa picha ya kutoka juu, mkono umeshika mbao, vidole havionekani, itapotea mara nyingi. Mwisho wa siku utafundisha ya kwako, moja ya familia ya YOLO, modeli za kutambua vitu kwenye picha, zile ndogo, kwa picha za kamera yako mwenyewe. Soma leseni kabla ya kuuza kwa wengine, baadhi ya matoleo yana leseni ya AGPL ambayo inakutaka uweke wazi msimbo (code) wa programu yako.

Picha ndo kazi yenyewe. Chukua asubuhi, mchana, jioni, siku ya mvua, taa zikiwa mbichi na zikiwa na vumbi. Chukua mafundi wote, vijana na wazee, weusi na weupe, mwenye mikono mirefu ya shati na mwenye fulana. Modeli za bure mara nyingi zimelelewa na picha za watu wa kwingine. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa za kutambua jinsia kwa sura, makosa yakafika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, kwa wanaume weupe hayakufika asilimia moja. Zile zilikuwa sura si mikono, lakini kosa linaingia kwa mlango ule ule. Tia pia picha nyingi ambazo hazina mkono kabisa: meza tupu, glavu iliyosahaulika, kamba, kivuli.

Ukigawa picha za kufundishia na za kupimia, gawa kwa siku, usigawe kwa bahati nasibu. Video ya fremu 30 kwa sekunde inatoa picha zinazofanana kama mapacha, moja ikienda kufundisha na pacha wake akienda kupima, modeli itapata asilimia 99 na kesho yake karakanani ni kipofu.

Hatua ya saba: pima muda wa mfumo mzima

Weka taa ndogo ya LED mbele ya kamera na nyingine kwenye relei. Programu uiambie kwa jaribio hili LED ya kwanza ikiwaka ihesabu ni mtu, na picha ipite kwenye modeli kama kawaida ili muda wake uhesabiwe. Rekodi zote mbili kwa simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde. Washa ya kwanza, hesabu fremu mpaka ya relei ibadilike. Kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo. Fremu 36 ni milisekunde 150. Rudia kompyuta ikiwa baridi na ikiwa imeshapata joto la saa nane mchana, na tena chukua baya zaidi. Jumlisha na muda wa bleidi, rudi kwenye hesabu ya kwanza, na kama mstari mwekundu umekuwa mfupi upake upya.

Hatua ya nane: majaribio kabla ya kuiamini

Wiki mbili za kwanza kamera isikate chochote, iandike tu: hapa ningekata, hapa ningepiga honi. Jioni kaa utazame. Ikikata ovyo mara kwa mara usiiwashe hivo, manake fundi aliyekatiwa stima katikati ya ubao wa mvule atatafuta waya wa kuiruka kabla ya adhuhuri, na atakuwa hajakosea sana.

Mikono halisi ijaribiwe mashine ikiwa imechomolewa. Bleidi ikizunguka tumia fimbo ndefu.

Na hesabu hii ikae kichwani: ukijaribu mara 300 na kamera isikose hata moja, bado huwezi kusema haikosi. Unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba inakosa chini ya mara 1 kwa 100, yaani tatu gawanya kwa mia tatu. Sasa fikiria mikono inapita karibu na bleidi mara ngapi kwa siku. Ndo maana viwanda vikubwa havitumii kamera yoyote ile kulinda watu na roboti, vinatumia iliyokaguliwa kwa viwango kama IEC 61496, kile cha kimataifa cha vifaa vya kuhisi watu kwenye mashine, mfano Pilz ya Ujerumani waliuza SafetyEYE, kamera tatu kwa pamoja. Ya kwetu haina cheti hicho. Ni kinga ya ziada juu ya kifuniko na breki, na ukimwambia mwenye bima au mkaguzi kitu kingine utakuwa unamdanganya.

Hatua ya tisa: waambie watu

Mzee mmoja aliangalia kamera inatundikwa akauliza, "Mwanangu, hii ni ya kunihesabia chai?" Nikamwambia, "La baba, haiweki video, ikishatazama inafuta." Akasema, "Basi nionyeshe inavyofuta." Swali lake lilikuwa la haki, na ikabidi nimwonyeshe kwenye skrini.

Kenya kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na picha ya mtu ni data yake. Andika karatasi ya Kiswahili ibandikwe mlangoni: kamera inaona nini, inaweka nini, nani anaweza kutazama. Zile picha za kufundishia omba ruhusa, ziba sura, na anayekataa asiwekwe. Na usije baadaye ukaitumia kujua nani kachelewa. Siku utakapofanya hivo kamera itapakwa gundi, na vumbi la mbao litasingiziwa.

Hatua ya kumi: matunzo

Kila asubuhi kabla ya ubao wa kwanza, mtu apite kwenye mstari mwekundu mashine ikizunguka tupu, ionekane imekata. Aandike tarehe na jina kwenye daftari. Ikikosa, mashine haitumiki siku hiyo mpaka ijulikane kwa nini. Lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini, usitumie ile fulana ya kufutia vanishi. Upepo ukigeuka, kusi ikaja na mawingu yake au kaskazi na jua kali, chukua picha mpya na uipime modeli upya hata kama inaonekana iko sawa.

Kadi ya kumbukumbu ndo kitu cha kwanza kufa, stima ikikatika katikati ya kuandika. Ipange mfumo usome tu, daftari la kompyuta liandikwe kwenye flashi ya pembeni. Tengeneza nakala ya kadi nzima, ijaribu kama inawaka kweli, iweke kwenye kopo lisiloingia unyevu, na uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika ni ya kamera ipi na ni toleo la mwezi gani.